Maoni ya Watu Juu ya Filamu ya Haji Oding

Kampung Cikembang,
Banyuresmi, Garut.
Jumatatu, 11 Novemba 1996

Kwa kaka yangu mpenzi, Kang Yayat,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tumbo limeshiba na nyuzi za gitaa zote zipo mahali pake. Huku hatujambo. Anayeumwa ni jino langu la nyuma peke yake, na Abah anasema linauma kwa sababu halipati mapumziko, mdomo wangu haufungwi. Baba yetu mwenyewe ni mzima. Kikohozi chake cha asubuhi bado kipo, na ukimwambia aende zahanati atakujibu kwamba hicho ni kikohozi cha nywele za watu anaowanyoa, kimeingia kwa miaka arobaini, hakiwezi kutolewa na vidonge vya siku tatu. Kaburi la Mama tulilisafisha wiki iliyopita. Nilimsomea na Fatiha kwa niaba yako.

Najua umezoea barua zangu za nusu ukurasa, nani kaoa, nani kafa, mvua imenyesha, wassalamu. Leo jikaze. Habari ni ndefu, na mwisho wake una jambo ambalo nimelikalia kwa miaka minane. Nikianza na hilo jambo nitaitupa kalamu, kwa hiyo niache nije polepole, nianzie kwa Haji Oding.

Usikunje uso, Kang. Nakuona kutoka huku. Najua jina hilo linakuchoma, lakini bila yeye hakuna habari. Jumamosi Haji Oding alimtahiri mjukuu wake, na ili Banyuresmi nzima ijue nani aliyetahiri, akaleta sinema ya pazia. Shuka ile nyeupe ilisimamishwa kwenye uwanja wa shule, mashine ya umeme ikanguruma tangu alasiri, na mzuia mvua akaletwa kutoka Leles akakaa kwenye kona na moshi wake. Ustadhi Mahpud alimnunia mzuia mvua, lakini nilimwona akiangalia mawingu kwa shukrani.

Haji alikuwa ameagiza filamu ya mizimu. Mwenye sinema akakosea, akaleta nyingine kabisa, inaitwa Nyota wa Chuma. Ni habari ya kijana mpiga gitaa, muziki wenu ule wa hevi metali, nywele mpaka kiunoni, shati jeusi, mdomo wazi. Haji aliwaka. Alisema hawezi kumtahiri mjukuu wake kwa kelele za wavuta bangi. Lakini alipogeuka akaona uwanja umejaa hadi kwenye mashamba ya viazi, akasafisha koo, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hii ndiyo filamu aliyoichagua yeye mwenyewe kwa ajili ya vijana wa kijiji.

Huenda umeiona, nikueleze tu kwa kifupi. Kijana wa shamba, baba yake mlinzi wa kinu cha mpunga. Kijana anapenda gitaa, baba hapendi. Siku moja wanagombana, kijana anatoka, baba anafunga mlango kwa komeo, na sauti ya lile komeo waliiweka kubwa kuliko ngoma zote za filamu. Kijana anakwenda Jakarta, analala chini ya daraja, anapata kundi, anapata jina, anajaza uwanja wa mpira watu wakirukaruka mvuani. Anapata na mambo mengine ambayo Haji alituma mtu aweke kofia mbele ya mashine ya picha yasionekane. Mwishoni anarudi kwao na gari refu, anakuta mlango uko wazi na ndani hamna mtu. Jirani anamwonyesha kaburi. Basi. Pale pazia likawa jeupe, na nusu ya uwanja walikuwa wanapenga makamasi.

Abah alikuwa amesema haendi. Unajua yeye na Haji tangu siku ile hawajasemezana ila salamu ya Idi, mkono mwepesi, macho pembeni. Haji akikata nywele huenda mpaka Leles. Kwa hiyo nilikwenda peke yangu na kanga ya kukalia. Katikati ya filamu nikasimama kutafuta karanga kule nyuma ya pazia, kwa wauzaji na wale wasioalikwa, na nani namwona? Abah, juu ya kile kistuli chake cha dukani, mikono magotini, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa upande wa pili ili Haji asimwone akila sinema yake. Sikumsogelea. Alikuwa anatazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu chochote.

Tuliporudi nyumbani alitangulia njia nzima. Mlangoni ndipo aliponiuliza kama nadhani wewe unaijua filamu ile. Nikamjibu bila kufikiri kwamba lazima unaijua, wapiga gitaa wote watakuwa wanaijua. Akasema, bila shaka. Akaenda kutawadha, akasali, akasali tena, nikalala nikimwacha bado yuko kwenye mkeka.

Jana ilikuwa Jumapili, na unaijua Jumapili ya kibanda chetu. Benchi lilijaa mapema, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya nywele peke yake. Walikuja kuihukumu filamu. Mimi nilikuwa nachemsha chai kama kawaida, basi nilisikia yote, na kwa sababu wewe ndiye fundi wa mambo hayo nakuandikia maoni ya watu ucheke.

Aliyeanza ni Dodo, yule mtoto wa mshona viatu, ambaye sasa ana miaka ishirini na ana nywele kama zako za zamani. Huja kukatwa ncha tu, nusu kidole, na Abah humkata nusu kidole bila kumsimanga, jambo ambalo limenishangaza kwa miaka mingi. Dodo akasema yule mwigizaji hajui gitaa hata kidogo, vidole vinagusa uzi mmoja na sauti zinatoka nne. Akasema nyimbo zile ni hevi metali ya wauza sabuni. Lakini alipofika kwenye ile sehemu ya uwanja wa mpira akajifuta macho, akasema moshi wa mzuia mvua ulimwingia machoni. Watu wakamwambia pole, moshi wenyewe ulikuwa kona ya pili.

Ustadhi Mahpud alikuwa kwenye kiti, povu kidevuni. Yeye alisema kelele hazimsumbui, mtu aliyeishi miaka sitini chini ya vipaza sauti vya misikiti mitatu hana haki ya kulalamikia gitaa. Kilichomkera ni kwamba kijana kwa saa mbili zote hakuonekana akisali hata mara moja mpaka alipofika kaburini, na huko nako hakuvua viatu. Halafu akamuuliza Dodo, kwa sauti ya chini, ule wimbo wa radi unaitwaje, kwa sababu ngoma yake imemkumbusha ngoma ya msikitini usiku wa Idi. Dodo alimwahidi kanda.

Ceu Mimin muuza tofu aliweka kapu lake dirishani na hakulichukua tena. Yeye alilia kuanzia majina ya waigizaji mpaka mwisho. Maneno ya nyimbo hakuyasikia hata moja, alisema, lakini aliumizwa na zile nywele. Nani aliyekuwa akizifua? Nywele za kiunoni si kazi ya mtu mmoja, zinataka mama au mke, na yule kijana hakuwa na mmoja wala mwingine, ndiyo maana zilikuwa zinamwangukia usoni hivyo. Benchi zima lilitikisa kichwa kwa heshima ya nywele zile.

Halafu wakamgeukia yule baba. Kang, hapo hapakuwa na kutofautiana. Ceu Mimin alisema baba anayemfungia mwanawe mlango na akatulie kaburini mwake asisubiri mgeni. Dodo akasema mzee yule ni jiwe. Mmoja akasema ni mnyama, mwingine akasema usimtukane mnyama, hata paka huhamisha wanawe mdomoni. Walimpiga yule baba kwa maneno kama watu wapigao godoro vumbi litoke, zamu kwa zamu, na kila aliyeingia mlangoni alikuwa na fimbo yake.

Na Abah akawa ananyoa. Nilimtazama kwa sababu mkono wake ulikuwa unasimama, kisha unaendelea, kisha unasimama. Ustadhi Mahpud alikuwa ameacha kuongea. Mtu mwenye wembe shingoni hana mengi ya kusema. Nikadhani ni kikohozi kinakuja.

Mara mwanga wa mlangoni ukazibwa, na aliyeuziba ni Haji Oding. Miaka minane hajakanyaga kizingiti kile. Watu walisogeleana kwenye benchi mpaka mmoja akaanguka. Haji akatoa salamu, akakaa, akasema amepita tu kusikia watu wameionaje filamu yake. Alikuwa anataka sifa, masikini, kama mpishi anayechungulia masufuria kuona kama kimebaki kitu. Basi kila mmoja akamsifia. Naye akatoa maoni yake, kwamba yule baba alikuwa na haki mwanzoni na akaikosa mwishoni, kwa sababu mlango ukifungwa kwa hasira ni lazima ufunguliwe kabla ya magharibi. Kisha akamgeukia Abah, na nilijua amejizoeza kulisema jina lile njiani.

"Na wewe, Mang Endun, umeionaje?"

Abah akaufuta wembe kwenye kitambaa, pande zote mbili, polepole. Akasema filamu ni nzuri. Ila yule baba ameonewa.

"Yule baba hakumfukuza mwanawe," akasema. "Alisema mkono. Hakusema mtoto."

Hakuna aliyeelewa. Dodo akauliza kwa adabu ni mkono gani, maana katika filamu hamkutajwa mkono wowote. Abah akamwambia, mkono wa kushoto, kwani kijana hakuwa mashoto? Alikuwa anapiga gitaa kwa kushoto tangu mwanzo mpaka mwisho, yeye kamwona kwa macho yake mawili, na kila mtu anajua baba anaweza kuchukizwa na mkono bila kumchukia mwenye mkono. Sauti yake ilikuwa imepanda. Sijamsikia akiongea kwa sauti dukani tangu siku yako.

Wakamwambia hapana, kulia. Haji akasema kulia, alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Ceu Mimin akasema kulia. Dodo ndiye aliyeelewa kwanza, na Mungu ambariki kwa namna alivyosema, maana angeweza kucheka. Akamuuliza alikaa upande gani wa pazia. Kisha akamweleza taratibu kwamba aliyekaa nyuma huona kila kitu kimegeuzwa, kulia kunakuwa kushoto, hata maandishi husomeka kinyumenyume. Mwingine yeyote angeyaona yale maandishi akajua. Lakini Abah anasoma herufi za Qurani tu, na hizi zetu kwake ni zilezile ukizisimamisha au ukizilaza.

Abah aligeuka akakitazama kioo. Miaka arobaini amesimama mbele ya kioo kile, Kang, akiona mkono wake wa kulia ukikata upande wa pili, na usiku ule hakukumbuka. Aliunyanyua mkono wenye wembe, akautazama kule ndani, akaushusha.

Ndipo nilipoelewa. Alidhani filamu ni yako. Alimwona kijana wa hevi metali anayepiga kwa kushoto, baba mkali, mlango, na akaamini kwamba wewe umewasimulia watu wa sinema habari zetu zote, wakazitia kwenye pazia, na nchi nzima sasa inajua. Amekesha na hilo usiku kucha. Na asubuhi watu wakaja mmoja mmoja wakakaa kwenye benchi lake wakamwita jiwe na mnyama, naye akaamini wanamsema yeye usoni pake. Na waliopanda kitini aliwanyoa wote. Hakumkata hata mmoja.

Ustadhi alijifuta povu mwenyewe akashuka kitini. Haji Oding akavua kofia, akaenda akakaa kwenye kile kiti, kilekile. Akasema, kama anayezungumza na kioo, kwamba siku ile alisimama kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Kichwa chenyewe kilikuwa kinakatwa vizuri. Alipofika nyumbani mke wake alisema ule upande uliokatwa na Yayat ulikuwa umenyooka kuliko alivyowahi kuuona, na yeye akavaa kofia wiki tatu ili asilazimike kuurekebisha. Abah akauweka wembe chini. Akamfunga shuka shingoni, akaanza kumkata.

Sasa Kang, ngoja ninywe maji.

Alasiri watu walipokwisha, Abah alikuwa anafagia nywele na mimi naosha glasi. Akaniita, Neng, jina la binti mdogo, kwa sauti ile ya zamani, ya wakati Mama yupo. Akaniambia kuna kitu kimoja amekitafuta kwa miaka minane na hajakipata. Akasema alipokufunga mkono ule kwa kitambaa, ukiwa na miaka saba, alikuwa akitoka nje ya nyumba analia, kwa sababu alijua kwamba hakuna mtu wa Garut atakayekubali kichwa chake kishikwe kwa kushoto, na kama hujui kunyoa kwa kulia utakufa njaa, maana yeye hana shamba la kukuachia, ana kiti tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akasema wewe ulikubali. Hukuwahi kumvunjia neno. Nyumbani ulishika gitaa lako kwa kushoto, naye alijifanya haoni. Ukila ulikula kwa kulia, dukani ulikata kwa kulia, ukapindisha nywele za watu maskini wa Mungu lakini ukatii.

"Basi kwa nini siku ile?" akaniuliza. "Kwa nini alichagua siku ile, na kichwa kile, kunidharau?"

Nilikuwa na glasi mkononi. Nikaiosha mara tatu. Nikamwambia sijui.

Ninajua, Kang. Ninajua tangu mwanzo, na mficha uchi hazai, kwa hiyo leo naandika.

Ilikuwa mkesha wa Idi, unakumbuka. Foleni ilitoka nje mpaka kwenye kisima. Abah alikwenda msikitini kupima mchele wa zaka, akakuachia neno kwamba wewe uwanyoe watoto tu na watu wazima wamsubiri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na wewe ulikuwa umeniahidi kwamba kazi ikiisha utanipeleka sokoni kununua zile sandali nyekundu zenye kifungo pembeni. Jua lilikuwa linakwenda. Soko lilikuwa linafungwa. Na wewe kwa mkono wa kulia ulikuwa unachukua karibu saa nzima kwa kichwa kimoja. Haji Oding akaingia akakaa kitini bila kuuliza zamu.

Nikakimbia mpaka kwenye kona ya msikiti. Sikuingia. Nilisimama pale nikahesabu mpaka hamsini, nikarudi mbio nikakwambia maneno ambayo hakuna aliyeniambia. Nilisema, Abah amesema mkate Haji, na leo amekuruhusu utumie mkono wako, kwa sababu foleni ni ndefu.

Nilitaka sandali, Kang. Basi. Sikuwa na nia nyingine.

Lakini uso wako sijausahau hata siku moja. Ulinitazama, ukaniuliza, amesema hivyo? Nikasema ndiyo. Ukaubadilisha mkasi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake. Ukaanza kukata, na lo, ulikata vizuri! Watu waliacha kuzungumza wakakutazama. Ndipo Haji alipoona ni mkono gani uko juu ya kichwa chake, akasimama na shuka shingoni, na Abah akawa anaingia mlangoni.

Alisema mbele ya watu wote, mkono huo usirudi tena katika nyumba hii. Wewe ulinitazama mimi. Nami nikatazama chai. Ulikuwa unangoja niseme, na ningesema neno moja tu, wote watatu tungekula Idi pamoja siku ya pili. Uliweka mkasi mezani, na kabla ya takbiri za magharibi ulikuwa umeshaondoka na gitaa mgongoni.

Ulipoandika barua ya kwanza kutoka Surabaya ulisema kitu kimoja. Ulisema unaweza kusamehe baba mkali, lakini si baba anayekupa ruhusa kwa siri kisha akakukana mbele ya watu. Nilikuwa na nafasi ya kukwambia. Nilikujibu kwamba paka amezaa. Na yeye huku miaka yote anaamini kwamba ulimvunjia heshima kwa makusudi. Kila mmoja wenu amemkasirikia mwenzake kwa jambo ambalo hakulifanya. Aliyelifanya alikuwa anawachemshia chai mmoja, na mwingine anamwandikia barua. Nisamehe, kaka yangu. Kama huwezi leo, nisamehe polepole.

Nilikuwa nimefika hapa asubuhi hii, nikidhani nitaifunga niipeleke posta. Abah akaingia akaniuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Nikasema wewe. Akauliza itachukua siku ngapi. Nikasema kwa mvua hizi labda wiki, labda zaidi. Akasimama pale na fagio. Akasema yule kijana wa filamu alichelewa kidogo tu. Akasema, nipe, naipeleka mwenyewe.

Nilimwambia Surabaya ni mbali, Abah, hujawahi kuvuka hata Cirebon. Akasema treni ndiyo inayokwenda, yeye anakaa tu. Kibanda kimefungwa, Kang. Mara ya mwisho kilifungwa siku tuliyomzika Mama. Haji Oding amekuja na gari lake kumpeleka stesheni ya Cibatu, anapiga honi huko nje kama anasindikiza bwana harusi, na Abah amekaa mlangoni amevaa kofia yake nyeusi na shati la Idi, ananisubiri nimalize. Nimelikagua begi lake. Hamna mkasi. Nywele zako ziko salama.

Kwa hiyo yeye ndiye aliye mbele yako sasa, anayejifanya anatazama ukuta. Hajui kilichomo humu. Ameibeba safari nzima kifuani na hawezi kusoma hata mstari. Nimejaribu kumwambia ana kwa ana tangu jana, nimefungua mdomo mara tano, na mara zote tano nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Basi nakuomba nisilostahili kukuomba. Kwanza mpe wali wa moto, namjua, hatakula kitu cha njiani. Akishashiba, msomee ile sehemu ya sandali. Usiruke neno. Akirudi asitake kusema nami nitaelewa, nitamchemshia chai nimwekee mlangoni. Bora arudi na wewe.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ni lake, si langu. Alipokuwa anavaa viatu aliniuliza unadhani atanipa mkono nitakapofika. Nikasema utampa, wewe ni mtoto mwenye adabu, utaupokea mkono wake kwa wa kulia na kuubusu kama tulivyofundishwa. Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.

"Mwandikie," akasema, "mkono wowote."

Nimeandika. Haji anapiga honi. Ceu Mimin anakusalimu na anauliza nani anakufulia nywele. Dodo anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu akulinde, awalinde nyote wawili huko mliko, na awarudishe kwenye mlango huu, ambao tangu leo sitaufunga ila mvua ikipiga.

Mimi mdogo wako, mwenye kosa,

Nenden